Tiba kwa simu: wahesabiwe waliofika, si waliopiga

MWENYE duka wa Kariakoo hahesabu watu waliosimama mlangoni kuuliza bei. Jioni anapofunga, anahesabu waliolipa na kuondoka na mzigo. Wengine wote, hata wawe mia tano, hawamo katika daftari lake. Biashara asubuhi, jioni mahesabu.

Kanuni hiyo rahisi bado haijaingia sawasawa katika biashara mpya inayotafuta mitaji Afrika Mashariki, yaani tiba kwa njia ya simu. Humo kinachotangazwa zaidi ni idadi ya watu waliojiandikisha, idadi ya simu zilizopokewa na idadi ya ujumbe uliotumwa. Wafadhili wanapiga makofi, na mwekezaji mdogo naye anashawishika kutoa akiba yake.

Sehemu moja ya biashara hiyo inahitaji kutazamwa kwa makini zaidi kuliko nyingine. Ni huduma ya afya ya uzazi kwa wanawake waliokumbwa na majanga, iwe vita, mafuriko, maradhi ya mlipuko au maisha ya kambi za wakimbizi.

Mahitaji huko hayana ubishi. Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa mwaka 2025, wanawake wapatao 260,000 walifariki dunia mwaka 2023 kutokana na ujauzito na uzazi. Karibu theluthi mbili ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye vita au zilizo dhaifu kiutawala.

Soko, kwa hiyo, lipo. Swali linalopaswa kuulizwa ni bidhaa gani hasa inauzwa humo, na kama mnunuzi anaipata mkononi.

Nairobi na Kampala, 2020

Mfano ulio karibu ni wa wakati wa corona. Tarehe 27 Machi, 2020, Kenya ilianza amri ya kutotoka nje kuanzia saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri. Matatu zikalala mapema, teksi nazo zikaogopa askari. Lakini uchungu wa kuzaa haujui amri ya serikali, na mjamzito aliyeshikwa saa 4 usiku hakuwa na wa kumfikisha hospitali.

Daktari kijana wa magonjwa ya wanawake jijini Nairobi, Dk. Jemimah Kariuki, alianzisha mpango ulioitwa Wheels for Life. Mwanamke alipiga namba 1195 bila kulipia. Daktari alimsikiliza na kumpima kwa maswali. Aliyekuwa na tatizo dogo alishauriwa akabaki nyumbani. Aliyekuwa na uchungu usio na hatari alipelekewa teksi. Aliyekuwa hatarini alipelekewa gari la wagonjwa.

Nchini Uganda mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mwishoni mwa Machi mwaka huo serikali ilisimamisha usafiri wa umma, kisha magari ya binafsi, na mgonjwa alitakiwa kupata kwanza kibali cha mwakilishi wa Rais wilayani. Ziliripotiwa habari za wajawazito waliopoteza maisha kwa kukosa usafiri. Mwezi Aprili masharti yalilegezwa, wajawazito wakaruhusiwa kusafiri bila kibali hicho.

Mwanamke wa Kampala mwenye simu aliweza kumpata mtu wa kumshauri. Ambacho simu haikuweza kumpa ni ruhusa ya kupita barabarani. Wa Nairobi aliyepiga 1195 alinunuliwa vitu viwili kwa pamoja, sauti ya daktari na magurudumu.

Hapo ndipo ilipo thamani halisi ya biashara hii. Simu peke yake ni nusu ya bidhaa.

Zanzibar walipima

Mtu anayetaka kujua tathmini ya kweli inafanywaje hana haja ya kwenda mbali. Kisiwani Unguja, mwaka 2009 hadi 2010, watafiti waligawa vituo vya afya 24 katika makundi mawili. Wajawazito 2,550 walihusika. Wa kundi la kwanza walipelekewa ujumbe wa simu kuhusu ujauzito wao na kupewa vocha ya muda wa maongezi ili wampigie mkunga. Wa kundi la pili waliendelea na huduma kama kawaida.

Matokeo yalikuwa mazuri. Katika kundi lenye simu, asilimia 60 walizalishwa na mtaalamu, wakati katika kundi la pili ni asilimia 47. Waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi walikuwa asilimia 44 dhidi ya 31. Vifo vya watoto wachanga, pamoja na wale waliozaliwa wakiwa wamekufa, vilikuwa 19 kwa kila 1,000 dhidi ya 36.

Kampuni yenye takwimu kama hizo ingezichapa kwenye kila bango. Lakini watafiti hawakuishia hapo, waliufungua mzigo na kuangalia ndani. Wakakuta kwamba katika suala la kuzalishwa na mtaalamu, faida kubwa ilikuwa kwa wanawake wa mjini. Kwa wanawake wa shamba, simu haikuleta tofauti ya kutegemewa.

Maana yake ni kwamba wastani mzuri ulimficha yule aliye mbali zaidi na hospitali. Na huyo ndiye ambaye huduma hizi husemekana zimeanzishwa kwa ajili yake.

Ikumbukwe pia kwamba Unguja wakati huo hapakuwa na vita wala mafuriko. Barabara zilipitika, vituo vilikuwa wazi na mtandao ulikuwapo. Ikiwa katika hali ya utulivu tu mwanamke wa shamba aliachwa nyuma, mwekezaji asiambiwe kwamba katika machafuko atafikiwa bila gharama ya ziada.

Mtandao nao hukatika

Waandishi wengi wa mipango ya biashara hii hudhani kwamba hospitali itabomolewa lakini simu itaendelea kuita. Mambo hayaendi hivyo. Jimbo la Tigray, Ethiopia, lilikatiwa mawasiliano vita ilipoanza Novemba 2020, na sehemu kubwa ya jimbo hilo ilikaa gizani kwa karibu miaka miwili. Nchini Sudan, mwezi Februari 2024, mitandao ya simu ilizimika karibu nchi nzima.

Isitoshe, hata mtandao ukiwapo, simu yenyewe ni ya nani? Taarifa ya umoja wa makampuni ya simu duniani, GSMA, ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara uwezekano wa mwanamke kutumia intaneti ya simu ni mdogo kuliko wa mwanamume kwa asilimia 32. Simu ya nyumbani mara nyingi ni ya baba. Ujumbe kuhusu dawa za uzazi wa mpango, au kuhusu mwanamke aliyebakwa, ukiingia katika simu ya watu wote unaweza kumletea mhusika balaa badala ya nafuu.

Kwa hiyo kampuni inayosema huduma yake inahitaji simu ya kisasa, intaneti na chaji ya kila siku imekwisha kuwachagua wateja wake. Si vibaya kuwahudumia hao. Vibaya ni kuwahudumia wa mjini na kupeleka hesabu kwa mfadhili kana kwamba ni wa kambini.

Rafu tatu

Kosa kubwa katika tathmini nyingi ni kuweka kila huduma katika kapu moja. Mfanyabiashara hachanganyi sukari na misumari. Huduma hizi nazo zinapaswa kupangwa katika rafu tatu, na kila rafu iwe na kipimo chake.

Rafu ya kwanza ni ya huduma ambazo simu inaweza karibu kuzimaliza yenyewe. Humo umo ushauri kwa mjamzito mwenye wasiwasi, na uzazi wa mpango kwa mwanamke ambaye dawa imekwisha mfikia. Ipo sindano ambayo mwanamke hujichoma mwenyewe kila baada ya miezi mitatu. Utafiti uliofanyika Malawi na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja asilimia 73 ya waliojichoma wenyewe walikuwa wakiendelea, dhidi ya asilimia 45 ya waliochomwa na mhudumu. Mwanamke kama huyo akipata mtu wa kumwuliza kwa simu, safari nne za kliniki kwa mwaka zinapungua.

Katika rafu hiyo hiyo umo uzoefu wa Uingereza. Kuanzia tarehe 30 Machi, 2020, kutokana na corona, wanawake huko waliruhusiwa kupata dawa za kutoa mimba changa baada ya kuzungumza na mtaalamu kwa simu. Sheria za Afrika Mashariki kuhusu jambo hilo ni kali na tofauti, kwa hiyo huduma yenyewe si ya kuigwa kienyeji. Kinachofaa kujifunzwa ni upimaji.

Watafiti walilinganisha wanawake 52,142 waliohudumiwa kabla na baada ya mabadiliko hayo. Muda wa kusubiri ulipungua kwa siku 4.2. Dawa zilifanya kazi kwa asilimia 98.8 ya waliohudumiwa kwa utaratibu mpya, dhidi ya 98.2 ya utaratibu wa zamani. Serikali haikuulizwa kuamini maneno matupu, ilionyeshwa hesabu, na mwaka 2022 utaratibu huo ukafanywa wa kudumu katika Uingereza na Wales. Hata hivyo, nyuma ya simu ile ilikuwapo posta inayofika, serikali inayolipa na hospitali ya karibu kwa yeyote anayezidiwa.

Rafu ya pili ni ya huduma zinazohitaji simu na dawa kwa wakati mmoja. Mfano ni mwanamke aliyebakwa. Dawa ya kumkinga na virusi vya ukimwi inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na ile ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Mshauri wa simu aliye mpole na hodari hana faida kubwa ikiwa chumba cha dawa cha kambi ni kitupu. Kipimo cha rafu hii ni saa ngapi zilipita kati ya simu ya kwanza na kidonge cha kwanza.

Rafu ya tatu ni ya dharura, yaani kutokwa damu nyingi, uchungu uliokwama na kifafa cha mimba. Hapa simu ni honi ya kuita gari, wala haizalishi mtu. Kipimo ni kama mwanamke alifika, alifika baada ya muda gani, na kama alikuta damu, daktari na chumba cha upasuaji.

Katika rafu hii simu inaweza pia kumsaidia mhudumu aliye upande wa hospitali. Mwaka 2011 madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières katika mji wa Guri'el, Somalia, walikuwa wakiunganishwa kwa picha na sauti na mtaalamu wa watoto aliyekaa Nairobi. Kati ya watoto 3,920 waliolazwa, 346 walijadiliwa kwa njia hiyo. Tiba ilibadilishwa kwa kiasi kikubwa kwa watoto 222, na watoto 88 waligunduliwa kuwa na tatizo la hatari lililokuwa limepita bila kuonekana.

Hao walikuwa watoto, si wajawazito, lakini kipimo kinafaa kuazimwa. Watathmini hawakuridhika na idadi ya vikao, waliuliza ushauri ulibadilisha nini kwa mgonjwa.

Funzo la Babylon

Wawekezaji wadogo wanaodhani idadi ya wateja ni kinga ya mtaji wakumbuke yaliyoipata kampuni ya Babylon ya Uingereza. Kampuni hiyo iliingia katika soko la hisa la New York Oktoba 2021 ikikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 4. Mwaka 2023 ilifilisika.

Tawi lake la Rwanda, Babyl, lilianza kazi mwaka 2016 na kuandikisha watu zaidi ya milioni 2. Lilikuwa na mkataba na serikali na lilihudumia watu wa kawaida wenye simu za kawaida, jambo la kusifiwa. Lakini kampuni mama ilipoanguka, huduma ya Rwanda nayo ikafungwa. Daftari lenye majina milioni 2 halikuweza kulipa mishahara.

Funzo ni mawili. Kwanza, jina katika daftari si fedha na wala si tiba. Pili, katika huduma ya uhai, kufilisika kwa mwenye duka si hasara ya wanahisa peke yao. Mjamzito aliyezoea namba fulani huipiga usiku wa manane akakuta haipatikani.

Nani anayelipa?

Mwanamke aliyekimbia vita hana fedha ya kulipia ushauri, kwa hiyo mnunuzi wa kweli ni serikali au mfadhili. Mnunuzi wa aina hiyo anaweza kuondoka sokoni kwa siku moja. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Mipango mingi iliyoonekana imara ilikuwa na mguu mmoja tu.

Kutokana na hali hiyo, fedha iliyobaki haina budi kulipia matokeo. Tanzania ina mfano wake katika mpango wa m-mama, unaotumia namba 115. Mpokea simu hupima hali ya mama kwa maswali na kutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, huitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, naye akishamfikisha mgonjwa hulipwa kwa M-Pesa. Dereva halipwi kwa kuitika simu, analipwa kwa kufikisha. Kampuni za tiba kwa simu zina la kujifunza kwa dereva huyo.

Tofauti ya hesabu hizo mbili si ndogo. Tuseme, kwa mfano tu, kuna kampuni mbili na kila moja imetumia Sh. milioni 50. Ya kwanza imepokea simu 10,000. Kati ya wanawake hao, 1,000 walitakiwa kufika hospitali na 200 wakafika. Ya pili imepokea simu 2,000, ambapo 600 walitakiwa kufika na 540 wakafika.

Kwa hesabu ya simu, ya kwanza ni rahisi, kwani kila simu imegharimu Sh. 5,000 wakati ya pili ni Sh. 25,000. Mfadhili mvivu ataipa ya kwanza mkataba. Lakini kwa hesabu ya waliofika, ya kwanza imetumia Sh. 250,000 kwa kila mwanamke na ya pili kama Sh. 92,600. Tena ya kwanza imewaacha wanawake 800 njiani. Katika biashara nyingine hao wangeitwa wateja waliopotea. Katika hii baadhi yao wamezikwa.

Wapo watakaosema kipimo hiki kinawaonea wanaotoa ushauri, kwa sababu mwanamke aliyetulizwa akabaki nyumbani naye amehudumiwa. Ni kweli, naye ahesabiwe, lakini katika rafu yake. Asitumiwe kumfunika yule aliyetakiwa kufika akashindwa.

Wapo pia watakaosema kwamba kulipia waliofika kutawafanya wajanja wachague wanawake walio karibu na hospitali. Hofu hiyo ina msingi, na Unguja imekwisha onyesha. Dawa yake ni kutenganisha hesabu ya mjini na ya shamba, ya karibu na ya mbali, na kulipa zaidi kwa wa mbali, kama nauli ya lori inavyopanda kwa kilometa.

Kabla ya kutoa fedha

Mwekezaji anayeletewa karatasi za kampuni ya namna hii hana haja ya kuwa daktari. Aulize mambo machache tu. Kati ya waliotakiwa kufika kituoni, wangapi walifika, na nani aliyehakikisha? Wa mbali zaidi walipata nini kikilinganishwa na wa mjini? Mtandao ukikatika wiki mbili, huduma inaendeleaje? Gari, dawa na damu ni za nani, na yapo makubaliano ya maandishi? Mfadhili mkubwa akiondoka kesho, namba itaita kwa miezi mingapi?

Kampuni itakayojibu kwa takwimu, hata kama ni ndogo na zisizopendeza, inastahili kusikilizwa. Itakayojibu kwa idadi ya waliojiandikisha irudishiwe karatasi zake.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tiba kwa simu ni kitu chema pale inapokuwa na gari, dawa na mkunga upande wa pili. Ikikosa hivyo, itaendelea kujitembeza kwa mabango na takwimu za simu, na atakayelipa gharama ni mwanamke aliyepiga, akajibiwa vizuri, na akabaki alipo.